Sufuria Karibu na Mlango

Mwenye stoo alicheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hajawahi kuulizwa katika miaka yake yote ya biashara. Mama yangu alikuwa amesimama katikati ya chumba kitupu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitale, mkoba kwapani, na alikuwa ametaka kujua hivi: "Nikija kutoa sufuria Jumamosi alfajiri, nani atanifungulia?"

"Mama," alisema yule mzee, Mhindi aliyezaliwa Kitale, "watu wanaleta vitu hapa vikae. Hawaleti ndio watoe."

"Mimi naleta ndio nitoe."

"Basi si uweke tu nyumbani?"

"Nyumba ningekuwa nayo ningekuja kwako kufanya nini?"

Mzee alinitazama mimi, kama anayeomba msaada. Nilitazama dari. Nimemjua mama yangu muda mrefu wa kutosha kufahamu kwamba akishauliza swali, linasubiri jibu lake hata kama mvua itanyesha.

Wakati huo tulikuwa tunatafuta mahali pa kuhifadhi vyombo vyake vyote. Mwenye nyumba aliyopanga Kitale, alimokaa tangu baba yetu afariki, alitaka kubomoa ajenge ghorofa, na wapangaji wote walikuwa wameambiwa waondoke. Mimi ninaishi Bungoma, ambako ninafundisha vikundi vya akina mama kazi za nyumbani: upishi, usafi, kuhifadhi chakula. Nilikuwa nimeanza kumjengea Mama nyumba ndogo kwenye kiwanja changu, upande wa kwenda Mabanga. Kuta zilikuwa zimesimama, paa bado, na mvua ilikuwa imeanza. Mama angelala kwangu, katika vyumba viwili ninavyopanga. Vyombo vyake visingeingia humo hata tungevibana vipi.

Vyombo vingine vilikuwa vya kawaida: makochi na vitambaa vyake, kabati, kitanda, meza. Tatizo lilikuwa sufuria.

Inafaa nieleze kuhusu hizo sufuria, kwa sababu mtu asiyemjua Mama angedhani ni mapambano ya bure. Ni sufuria za kupikia watu wengi, zile ambazo ukiinama kuziosha nusu ya mwili wako inaingia ndani. Mama na wenzake waliolewa wakiwa wadogo, wakatoka katikati ya nchi na familia za waume zao, wakaja kulima Trans-Nzoia, pande za Kitale. Huku hawakuwa na shangazi wala binamu. Mtu akifiwa, hapakuwa na mlango wa kubisha kuomba sufuria. Wakaunda chama, wakanunua moja, halafu nyingine. Miaka ikaenda. Wengine wakafa, wengine wakachukuliwa na watoto wao kwenda kuishi mbali, na sufuria zikabaki kwa Mama kwa sababu alikuwa na nafasi na hakujua kusema hapana.

Hakuzikodisha. Alikwenda nazo. Kuanzia mjini hadi Kiminini, mwenye matanga au harusi alipopiga simu kuomba sufuria, alijua anaomba na mpishi. Mama alijifunga leso, akapanda gari lolote lililoletwa kuchukua sufuria, akakaa kando ya moto mpaka mgeni wa mwisho ale. Nimekua nikisikia watu nisiowajua wakiniambia sokoni, "Wewe si mtoto wa yule mama wa sufuria?" Nilikuwa nikijibu ndiyo huku nimenyoosha shingo. Hata leo najibu hivyo.

Tulipokuwa tunachambua maharagwe siku moja, kabla hatujaanza kutafuta stoo, aliniambia kilichokuwa kinamkosesha usingizi.

"Bungoma nitakuwa nani?"

"Utakuwa Mama."

"Wako, sawa. Lakini wewe ni mmoja." Alipuliza maganda. "Watu huko wananijua? Wataniona nimekaa kwenye kiti, waseme huyo ni mama ya mwalimu, mpelekeeni chai. Mimi sijazoea kupelekewa chai."

Tangu siku hiyo nilielewa kwa nini aliingia kila stoo akiuliza swali lake lilelile.

Sasa, ukienda kuchagua stoo, usianze na bei. Anza na giza. Nenda mchana jua likiwa kali, ingia, kisha omba ufungiwe mlango wewe ukiwa ndani. Subiri macho yazoee. Halafu tazama juu. Kila nukta ya mwanga unayoiona kwenye mabati ni mahali ambapo mvua itapitia. Wenye stoo wengine hawapendi jambo hili. Huo pia ni ujumbe. Baada ya hapo inama, pitisha kiganja ukutani karibu na sakafu, ukinuse. Unyevu una harufu yake, na panya ana yake. Huhitaji kusomea popote. Pua uliyo nayo inatosha.

Stoo ya yule mzee ilipita mtihani wa giza. Hapakuwa na nukta hata moja. Kiganja changu, hata hivyo, kilitoka na vumbi jeupe. Pale palikuwa ghala la mahindi zamani, na fukusi wakishazoea mahali hawahami haraka. Mzee alikiri bila kuficha, akasema amepuliza dawa na atapuliza tena. Nilimpenda kwa hilo. Lakini kuhusu alfajiri ya Jumamosi hakubadilika: duka lake linafunguliwa jua likiwa juu, na ufunguo wa lango la nyuma anakwenda nao nyumbani. Tulipoaga alituambia tuchukue maboksi matupu kutoka dukani, kadiri tunavyoweza kubeba. Tulibeba mengi.

Ya pili ilikuwa Bungoma, kandokando ya mji: makontena yaliyopakwa rangi ya samawati, yamepangwa kama mikate. Kijana aliyetupokea alikuwa na kitambulisho shingoni na maneno mengi.

"Niaje, mathe. Hapa ni usalama mpaka mwisho. Kamera, ukuta, kila kitu."

Mama aliuliza swali lake.

"Hiyo inawezekana, mathe. Unatujulisha tu siku moja kabla."

"Mtu akifa leo jioni, nikujulishe jana?"

Kijana alicheka mwenyewe. "Hapo umeniweza."

Hata hivyo mimi nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye ukuta wa kontena na kuuondoa haraka. Chuma kikipata joto namna ile mchana kinatoa jasho usiku, na jasho hilo hudondokea magodoro. Kwa vitu vya chuma na plastiki ngumu pangefaa. Kwa godoro na nguo, hapana.

Ya tatu tulielekezwa na muuza mboga. Ilikuwa safu ya vyumba vya matofali nyuma ya uwanja wa mbao, si mbali na barabara ninayopita kwenda kazini. Mwenyewe alikuwa mjane wa makamo, mwenye sauti ya chini na mikono ya mtu anayefanya kazi. Mama alimuuliza. Huyu hakucheka.

"Sufuria za namna gani?"

Mama alitanua mikono.

"Ooh. Za matanga."

"Za matanga, za harusi, za chochote kitakachotokea."

"Askari anakaa hapo getini na mke wake. Ukigonga saa yoyote atakufungulia. Nitamwambia wewe usiulizwe maswali."

Mama alinigeukia na uso ambao sikuwa nimeuona tangu habari za kuhama zianze. Na mimi, kwa bahati mbaya, nilikuwa nimetoka kwenye giza la chumba kile nikiwa nimeona nukta mbili za mwanga pembeni, juu ya mahali ambapo kitanda kingekaa. Niliwaambia. Ningekuwa peke yangu ningeaga. Mama alisema, "Hizo si huzibwa na lami?" Mjane akasema zitazibwa wiki hiyohiyo. Tulirudi baada ya mvua kubwa kunyesha, tukafunga mlango, tukatazama. Giza tupu, na sakafu kavu. Tukakubaliana.

Safari ya kurudi Kitale Mama alitazama mashamba dirishani, mkoba ameukumbatia. Nilijua ni kwa nini. Kuchukua stoo Bungoma kulikuwa na maana kwamba sufuria zinaondoka Kitale, na sufuria hazikuwa zake peke yake.

Siku ya kufunga vyombo wanawake wa chama waliosalia walikuja, na wengine vijana, wake za wana wao. Aliyekuwa akiongoza maneno ni rafiki ya Mama wa siku nyingi, bibi mwembamba mwenye ulimi mkali ambaye hajawahi kumwita Mama kwa jina lingine ila "wewe". Kabla ya kufunga chochote ilibidi kwanza tugeuze kila sahani, kila bakuli na kila kifuniko tuangalie chini.

Hii ni desturi yetu, na kama umewahi kuandaa chakula cha watu wengi unaijua. Vyombo vya nyumba nyingi vinakutana kwenye beseni moja. Ili kila kimoja kirudi kwao, kila nyumba ina alama yake chini, iliyochorwa kwa rangi ya kucha: mstari, msalaba, jani. Ya Mama ni nukta mbili nyekundu. Lakini alama haina miguu. Sahani ikienda nyumba isiyo yake na ikipendwa huko, inaweza kukaa miaka. Ukihama bila kugeuza vyombo utaondoka na mji mzima kwenye maboksi yako.

Sakafu ilijaa. Tulipanga mafungu kwa alama, na kelele zikaanza.

"Hii bakuli ni yangu! Nimeitafuta tangu msichana wangu aolewe!"

"Umekula uji humo kila ukija hapa," Mama akamwambia rafiki yake.

"Nilidhani umenunua inayofanana na yangu. Nikasema huyu anapenda kuniiga."

"Nikuige wewe? Unayeweka sukari kwa githeri?"

"Ilikuwa mara moja, na kulikuwa giza."

Wake za wana walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya boksi likabonyea. Nilicheka nao, lakini niliona Mama anachelewa kuinuka. Sufuria zilikuwa ukutani, zimepangwa moja ndani ya nyingine, na kila mtu alikuwa anazizunguka bila kuzitaja.

Rafiki yake ndiye aliyezitaja. "Na hizo?"

"Ni za chama," Mama akasema. "Chagueni. Chagueni hata zote."

Alikuwa amesema kwa sauti yake ya kawaida, lakini mikono alikuwa ameificha ndani ya leso. Niliendelea kupanga mafungu ya sahani. Lile halikuwa jambo langu.

Rafiki yake aliziendea, akaziinua moja moja, akizigonga kwa vidole kama anayenunua mtungi. Zile za kati aliziweka upande wa dirisha. "Hizi mke wa mwanangu ataweza. Ana mkono mzuri, na ana mgongo." Yule mke wa mwanawe aliinamisha kichwa. Kisha bibi akasimama mbele ya zile kubwa kabisa. Alishika masikio ya moja, akajaribu, akaiacha.

"Hii inahitaji wanawake wanne wa kuiepua, na wanne waliokuwa wanaiepua ni wewe, mimi, na wawili walio chini ya udongo. Hapa itakuwa ya kuku kulalia. Nenda nazo."

"Huko sina wa kuziepua nazo."

"Basi tafuta. Wewe una mdomo."

Hivyo ndivyo chama kilivyogawana. Nimehudhuria mikutano mingi ya watu wenye vyeo, yenye ajenda na chai ya saa nne, na sijaona jambo gumu likimalizwa kwa heshima kama ile.

Ndipo tukafunga. Hapa nilikuwa katika kazi yangu, na nilifurahi kuonyesha. Sahani hazilazwi, zinasimamishwa kwa ubavu, gazeti katikati, kwa sababu zikilazwa ya chini inabeba uzito wa zote. Glasi nilizivika soksi. Bolti za kitanda nilizitia kwenye mfuko mdogo na kuufunga kwenye mguu wa kitanda chenyewe, ili kitanda kisifike kabla ya bolti zake. Godoro nililivika nailoni nikaitoboa matundu madogo lipumue. Nguo zilianikwa juani mpaka zikawa na joto, kisha zikaingia kwenye magunia mapya. Gunia lililowahi kubeba mahindi halibebi sweta. Wale wake za wana waliuliza maswali mazuri, na mmoja alinisahihisha namna ya kufunga kamba ili isilegee. Namna yake ndiyo ninayofundisha sasa.

Mahali pamoja tu hatukuelewana, mimi na Mama. Nilianza kujaza mablanketi ndani ya sufuria kubwa. Ndivyo ninavyofundisha: usisafirishe hewa. Mama alikuja akayatoa.

"Mama, ni nafasi kubwa hiyo inapotea."

"Nikiitwa, nianze kutoa mablanketi? Nitayaweka wapi, kwenye matope?"

Nilimwangalia. Alikuwa anafikiria siku ya kutoa, wakati sisi wengine wote tulikuwa tunafikiria siku ya kuingiza. Nikaziacha sufuria zibaki tupu, isipokuwa magazeti ya kuzuia kukwaruzana.

Asubuhi ya lori, wazo hilohilo lilizua mzozo mwingine. Wapakiaji waliyaendea makochi. Mama akawazuia.

"Sufuria kwanza. Ziingie mpaka mwisho."

"Mathe, makochi ndio huanza. Nzito chini, nyepesi juu. Hii kazi tunajua, bana."

"Mnaijua ya lori. Ya stoo hamuijui."

Aliwaeleza polepole, akionyesha kwa mkono. Kinachoingia lorini kwanza kitatoka mwisho. Kinachotoka lorini mwisho kitaingia stoo mwisho. Na kinachoingia stoo mwisho ndicho kitakachokaa karibu na mlango. Kwa hiyo anayetaka sufuria zikae mlangoni Bungoma sharti azisukume mpaka mwisho wa lori Kitale, na makochi yapande mwishoni. Wapakiaji walitazamana. Mkubwa wao alihesabu kwa vidole, akageuza kofia yake nyuma. "Ni kweli, bana. Haya, tuanze na hizi ngoma."

Kama uko karibu kuhama na moyo unakwenda mbio, jaribu jambo hili tu: kaa chini ujiulize ni kitu gani utakihitaji kwanza upande wa pili, kisha panga kurudi nyuma kutoka hapo. Mengine yatajipanga.

Bungoma vyombo viliingia kama Mama alivyotaka. Chini tuliweka mbao ili hewa ipite, makochi ukutani, kabati, kitanda, magunia juu. Mwishoni kabisa, ukifungua mlango hivi, sufuria. Mama alifunga kufuli mwenyewe, akavuta mara mbili.

Halafu hapakutokea kitu.

Wiki za kwanza simu yake ilikuwa ikilia kutoka Kitale. Mke wa mwana wa rafiki yake alitaka kujua maji ya wali wa watu wengi yanapimwaje. Mama alimweleza akiwa amesimama, mkono mmoja ukipima hewani. Baadaye simu zikapungua, kwa sababu yule mke alikuwa ameshajua. Mama alifurahi kwa hilo, na pia halikumfurahisha. Alifagia vyumba vyangu mpaka sakafu ikachoka. Alikwenda stoo "kuangalia panya", ingawa hapakuwa na panya, na akawa anakaa getini na mke wa askari wakichambua mboga. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta kwenye kiti, na kikombe cha chai alicholetewa na jirani. Aliniangalia. Sote wawili tulikumbuka maneno ya siku ya maharagwe.

Mke wa askari ndiye aliyeleta habari. Mzee mmoja wa mtaa wa jirani alikuwa amefariki, wageni walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na wanawake wa kamati walikuwa wanazunguka wakitafuta sufuria kubwa.

"Waambie zipo," Mama akasema.

Walikuja watatu. Aliyetangulia alikuwa mama mnene wa sauti kubwa, leso mbili kiunoni. Alimsalimu Mama kwa heshima, akamwita kukhu, ndivyo bibi anavyoitwa na watu wa Bungoma.

"Kukhu, tunaomba hizo sufulia. Tutazirudisha kesho kutwa zikiwa safi, hata hutajua zilitoka."

"Hakuna shida. Zinaenda na mimi."

"Hapana, kukhu, ati usumbuke? Wewe pumzika. Kazi ya huko ni ya moto na moshi."

"Nimeambiwa nipumzike tangu nifike. Nimeshapumzika."

Wale watatu walishauriana kwa lugha yao, kwa upole, kama watu wanaotafuta namna ya kukataa bila kuumiza. Mama hakuielewa, mimi naielewa kidogo. Walikuwa wanasema asije akaanguka mikononi mwao. Nikasema, "Mwacheni aje. Akichoka nitamrudisha mimi." Mama alikuwa tayari amefungua mlango wa stoo. Zilikuwa pale pale mlangoni. Hatukusogeza hata kiti.

Jikoni kulikuwa nyuma ya nyumba ya marehemu, moto mwingi, wanawake wengi, na kila mmoja anajua mahali pake. Mama hakuwa na mahali. Alisimama karibu na sufuria yake kubwa kama mtu anayemsindikiza mtoto siku ya kwanza ya shule. Yule mama mnene alimwonea huruma, akamtania.

"Kukhu, nyinyi watu wa mukimo, ugali wa hapa mtauweza kweli? Huu si wa kuponda na kijiko."

Wanawake walicheka dhihaka hiyo ya viazi vya kuponda vya kwao Mama, wakangoja. Nilijua Mama anaweza kurudisha maneno. Nimemsikia akiwanyamazisha wapakiaji wa lori. Akatazama ule mwiko mrefu kama kasia, akatazama maji yanayochemka.

"Wa watu wengi hivi sijawahi kuusonga," akasema. "Kwetu tulikuwa tunapika wali. Nionyesheni."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Mwanamke aliyepikia nusu ya Kitale alisema mbele ya wageni kwamba kuna jambo hajui, na hakupungua hata kidogo. Yule mama aliacha kucheka, akampa mwiko, akasimama nyuma yake akishika juu ya mikono yake. Wakaanza kusonga pamoja. Muda mfupi baadaye Mama akasema, "Ngoja. Hii sufuria inaungua upande wa huku, iko na chini nyembamba. Tuizungushe." Waliizungusha. Ilihitaji wanawake wanne kuizungusha, na walikuwepo, wala hakuna aliyeitwa.

Mchana wageni waliongezeka, unga ukapungua, ikaonekana ni lazima wapike na wali. Hapo hawakumuuliza kama anaweza. Walimsogezea magunia ya mchele, na yule mama mnene akasimama pembeni yake, mikono kiunoni, akisema, "Haya, mwalimu, sasa ni zamu yako kunionyesha." Mama alipima maji kwa mkono wake, akafunika kwa gunia safi lililoloweshwa, akaweka makaa juu ya kifuniko. Wali ulitoka punje kwa punje. Nilikula sahani mbili, na sikuwa na njaa.

Sufuria zilirudishwa safi, kama walivyoahidi. Tulizirudisha mahali pake mlangoni. Mama alilala siku nzima, na alipoamka alilalamikia mgongo kwa furaha kubwa.

Siku kadhaa zikapita bila neno. Nikaanza kuogopa kwamba ilikuwa ni mara ile moja tu, kwamba walizitaka sufuria na yeye walimvumilia. Nadhani naye aliogopa hivyo, kwa sababu alirudia kufagia.

Kisha asubuhi moja, kabla sijatoka kwenda kazini, mlango uligongwa. Ni yule mama mnene na mwenzake.

"Mwalimu, habari ya asubuhi. Kuna harusi. Tumekuja kumwomba kukhu."

Nilinyoosha mkono kuchukua ufunguo wa stoo kwenye msumari.

"Hapana, ufunguo acha. Sufulia tumepata za shule, ziko nyingi. Tunamtaka yeye."

Nilisikia leso ikikung'utwa chumba cha pili. Mama alitoka akiwa anaifunga kiunoni, viatu tayari miguuni.

"Ni watu wangapi?"

"Hatujui, kukhu. Si unajua harusi?"

"Najua."

Alitupita sote watatu, akatoka nje na kushika njia kwa haraka, kifua mbele, mpaka njia panda. Hapo akasimama. Hakujua ni wapi wanakwenda. Wale wanawake walicheka kwa sauti, yule mnene akakimbia akamshika mkono, akamgeuza upande wa kushoto, na wakaenda wakiongea wote kwa pamoja.